Behewa likifuka moshi katikati ya ziwa, amri ni ya Mwanza au ya Port Bell?

Igogo Kwetu (mwanzisha uzi):

Mwangaluka wakuu.

Ukitaja reli ya kuvuka mpaka, wengi wanawaza TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, na mpaka wa Tunduma. Sisi Mwanza tunayo ya kwetu, ila yetu inavukia majini. Mabehewa yanatoka Dar na mzigo wake, yanafika Mwanza Kusini, yanasukumwa hadi ndani ya MV Umoja, meli inayavusha mpaka Port Bell, na kule yanashuka kwenye reli ya Uganda kuelekea Kampala. Hakuna kupakua wala kupakia upya, kwa sababu reli ya zamani huku na kule ina upana uleule wa mita moja. Huduma hiyo ililala miaka mingi, ikafufuliwa 2018.

Mpaka wetu na Uganda ziwani ni mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Ni uleule unaopita Mutukula, ila Mutukula kuna geti na askari. Majini kuna GPS ya nahodha basi.

Sasa tuseme behewa moja linaanza kufuka moshi meli ikiwa jirani na mstari huo. Nahodha anaita msaada pande zote. Boti ya Mwanza inafika, ya Uganda nayo inafika. Kiongozi wa hawa anataka behewa lipozwe kwa maji mpaka bandarini, wa wale anataka lifunguliwe hapohapo na mzigo utoswe. Nani anasikilizwa? Na huyo aliyesikilizwa akiharibu, mfanyabiashara wa Kampala ambaye mali yake imekwenda chini anafungua kesi wapi?

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnishambulie vizuri: mwokoaji akivuka mpaka anabaki na ujuzi wake na vifaa vyake, madaraka anayaacha kwao. Ng'ambo ana yale tu atakayopewa na mwenyeji. Na kama hayakuandikwa mapema, siku ya moto hakuna mwenye muda wa kuyaandika.

Karibuni.

Sangara Mkavu:

Mkuu umeamka na vifungu leo. Watu wanaungua wewe unauliza sheria? Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoingia ziwani pale Bukoba na watu 43 ndani, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. 24 walitoka hai. Sikusikia mvuvi hata mmoja akiulizwa nani kamtuma. Ziwa lina wenyewe.

Mstaafu 114:

Sangara, unachosema ni kweli lakini hakijibu swali. Kumvuta mtu majini hakuhitaji madaraka, na hakuna mahakama itakayokukamata kwa hilo. Madaraka yanahitajika pale unapotaka kufanya jambo ambalo mwenye mali au mwenye mwili wake hataki ulifanye. Kuvunja mlango wa behewa. Kukata bati. Kufunga gati watu wasipite. Kumtoa kwa nguvu mama anayerudi ndani kutafuta mkoba. Kutosa majini mzigo wa mtu wa milioni mia. Raia akifanya hayo ni jinai au ni madai. Ofisa wa zimamoto akifanya hayohayo ni kazi, kwa sababu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inamruhusu kuingia, hata kwa kuvunja, na kuondoa watu eneo la tukio.

Mnakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019? Lori la mafuta limepinduka, watu wanachota petroli kwa madumu. Waliokufa walizidi 100. Pale kilichokuwa kinahitajika kabla ya maji na povu ni mtu mwenye nguvu ya kisheria ya kusema "ondokeni" na askari wa kulisimamia neno hilo. Sasa fikiria mtu huyo ni Mganda amesimama gati la Mwanza anawafukuza vijana wa Igogo. Watamwuliza yeye nani, na kisheria watakuwa na haki ya kumwuliza.

Nitaje na MV Bukoba, 21 Mei 1996, maana hapa Mwanza huwezi kuzungumza uokoaji ukairuka. Meli ilikuwa imelala chini juu, ndani watu wanasikika wakigonga. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaishikilia juu ya maji ikatoka kwenye lile tobo, meli ikaenda chini. Nia ya waliotoboa ilikuwa njema, silaumu mtu. Nasema tobo lile lilihitaji kamanda mmoja wa tukio, aliyesikiliza kwanza mtu wa meli, kisha ndiyo aseme kata au acha.

Dada Kamanga:

Nipo nasoma. Mstaafu endelea, tafadhali.

Wakili wa Mkolani:

Igogo Kwetu umegusa penyewe. Niongeze kitu ambacho wengi hatukitazami: hawa "zimamoto" tunaowaita kwa jina moja si watu wa aina moja kisheria kuzunguka ziwa hili.

Tanzania ni jeshi la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lenye sheria yake. Uganda zimamoto ni kurugenzi ndani ya Jeshi la Polisi. Kenya, tangu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne limekabidhi zimamoto na maafa kwa kaunti, kwa hiyo mzimamoto wa Kisumu ni mtumishi wa kaunti.

Pigeni picha wote watatu wamekutana kwenye meli moja. Huyu wa Kisumu, gavana wake hana mamlaka ya kusaini mkataba na nchi ya nje. Hilo ni la Nairobi. Huyu wa Port Bell, akishuka Mwanza na sare, kilichoingia nchini ni polisi wa taifa jingine, na hakuna serikali duniani inayolichukulia hilo kirahisi, hata kama mkononi ana bomba la maji. Wa kwetu naye akivuka, kofia yake ya ujeshi inamfuata. Ndiyo maana haitoshi wakuu wawili wa vituo kupeana namba za simu na kusema "tutasaidiana". Wanaweza kupeana taarifa. Madaraka hawana ya kupeana.

Kanuni ya jumla ni hii: nguvu za dola zinaishia kwenye mpaka wa dola. Kinachoweza kuzivusha ni ridhaa ya nchi mwenyeji, na ridhaa hiyo ina sura mbili. Kuna ya siku ya tukio, ambapo serikali moja inaomba na nyingine inatuma. Na kuna ya kudumu, iliyosainiwa na kuingizwa kwenye sheria za ndani. Ya kwanza ni halali kabisa, tatizo lake ni saa. Ombi linapanda kutoka mkoa kwenda Ofisi ya Waziri Mkuu yenye dhamana ya maafa, linaenda Mambo ya Nje, linavuka, linashuka upande wa pili ngazi kwa ngazi. Behewa halikungoji.

Mutukula Side:

Lakini sisi huku tuna kituo cha pamoja. Ofisa wa Uganda anakaa upande wa Tanzania anagonga muhuri wake, wa kwetu anakaa kwao. Si kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayoruhusu? Tumieni hiyohiyo.

Wakili wa Mkolani:

Ipo, na ni mfano mzuri wa jinsi madaraka yanavyovushwa kwa maandishi. Inachora eneo maalumu, na ndani ya eneo hilo ofisa wa nchi jirani anatumia sheria za nchi yake akiwa kwenye ardhi ya mwenzake. Ila soma inamhusu nani: ukaguzi wa mpakani. Forodha, uhamiaji, afya, viwango. Imetungwa ili malori yasikaguliwe mara mbili. Moto ukizuka ndani ya eneo hilohilo la Mutukula, ofisa uhamiaji wa Uganda ana madaraka ya kukunyima kupita, mzimamoto wa Uganda hana ya kuvunja kioo cha gari lako. Kichekesho, lakini ndivyo karatasi inavyosema.

Baharia wa Kemondo:

Samahani wakuu, mnazungumza kana kwamba kuna mpaka mmoja. Ipo mingine miwili kabla hata meli haijang'oa nanga.

Behewa likiwa kwenye reli pale Mwanza Kusini ni mali ya sheria ya reli, ile ya 2017 iliyounda shirika la reli la sasa, TRC, na msimamizi wa usalama wake ni LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu. Likiingia bandarini unakutana na TPA, mamlaka ya bandari. Likishapita daraja la gati na magurudumu yake kufungwa minyororo ndani ya meli, si treni tena, ni shehena. Kuanzia hapo ni sheria za meli, msimamizi ni TASAC, shirika la uwakala wa meli, na mkubwa ni nahodha. Mtu wa TRC akiwa ndani ya Umoja ni abiria mwenye ujuzi.

Na amri ya nahodha ina sababu yake. Moto wa melini unaua meli kwa njia mbili, kwa kuungua na kwa kuzimwa. Ukimwaga maji tani kwa tani juu ya sitaha yenye mabehewa, maji yanakimbilia upande mmoja meli inapoyumba, na yakishakimbilia huko hayarudi. Mwaka 1942 New York meli kubwa ya Kifaransa, Normandie, iliungua ikiwa imefungwa gatini. Zimamoto wakaimwagia maji mengi mno. Mbunifu wake, Vladimir Yourkevitch, alifika mwenyewe akataka matundu ya chini yafunguliwe ili ikalie tope ikiwa wima. Wenye mamlaka wakamkatalia. Ikalala ubavu usiku uleule wa kuamkia kesho. Madaraka yalikuwepo tele, ila yalikuwa kwa mtu asiyejua meli.

Kwa hiyo kwa swali la Igogo: majini, bendera ni ya Tanzania, nahodha ndiye anayeamua kinachofanyika ndani ya meli yake, iwe kusini au kaskazini mwa mstari. Boti zote mbili ni wageni wake. Lakini akishaingia maji ya Uganda, serikali ya Uganda inaweza kumwamuru asisogelee Port Bell akiwa anawaka, na hilo ni haki yao. Hapo nahodha ana meli, hana bandari.

Igogo Kwetu:

Baharia, umenifumbua. Nilikuwa natazama mstari wa ramani tu. Kumbe gati lenyewe ni mpaka.

Hizo sheria za meli zinasemaje kuhusu uokoaji wa pamoja ziwani?

Baharia wa Kemondo:

Kuna Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya, ya 2007, inagusa usalama wa vyombo na utafutaji na uokoaji. Na mradi wa mawasiliano ya ziwa unajumuisha kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji hapahapa Mwanza, na vituo vidogo kwa jirani. Kazi ya kituo ni kupokea wito, kujua chombo gani kipo wapi, na kutuma cha karibu. Hilo ni jambo kubwa, MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara Septemba 2018 wakafa watu 228 tulikuwa tunapigiana simu za mkononi. Lakini kuratibu si kuamuru. Kituo kinakwambia nenda. Hakikwambii ukifika ruksa kukata.

Sangara Mkavu:

Haya, Wazungu wenye treni za chini ya bahari wanafanyaje? Maana kule moshi hauna pa kwenda.

Wakili wa Mkolani:

Handaki la Channel ndilo la kulisoma, Sangara. Kilomita 50 na ushee, Uingereza upande mmoja, Ufaransa mwingine, mpaka uko chini ya bahari. Wao walianza na karatasi kabla ya treni. Mkataba wa Canterbury wa 1986 uliamua mpaka ulipo ndani ya handaki na ukaunda tume ya serikali mbili. Itifaki ya Sangatte ya 1991 ikaruhusu maofisa wa nchi moja kufanya kazi na sheria zao ndani ya maeneo maalumu ya nchi nyingine. Treni zikaanza 1994. Juu ya hayo wana mpango mmoja wa dharura wa nchi mbili, na kanuni yake ya amri ni fupi: tukio likiwa upande wa Ufaransa, Mfaransa anaongoza na Mwingereza anaingia chini yake. Likiwa upande wa pili, kinyume chake. Na wanafanya mazoezi pamoja.

Imejaribiwa kwa moto wa kweli. Tarehe 11 Septemba 2008 treni ya kubeba malori iliwaka ikiwa upande wa Ufaransa, moto ukaendelea takribani saa 16. Watu 32 waliokuwa ndani walitoka wote kupitia njia ya huduma ya katikati. Zimamoto wa nchi zote mbili walikuwa mle ndani, na swali la bosi nani lilikuwa limeshajibiwa kwenye karatasi.

Sasa linganisha na handaki la Mont Blanc, la barabara, kati ya Ufaransa na Italia. 24 Machi 1999 lori lilishika moto katikati. Handaki moja lilikuwa na kampuni mbili, vyumba viwili vya kuongozea, kila mmoja na mitambo yake ya hewa. Upande wa Italia walikuwa wanasukuma hewa ndani, moshi ukabanwa kuelekea Ufaransa ambako magari yalikuwa yamekwama. Walikufa 39. Lilipofunguliwa tena 2002 lilikuwa chini ya usimamizi mmoja.

Zote zilikuwa nchi tajiri na zote zilikuwa na mabomba ya kutosha.

Mutukula Side:

TAZARA je? Si mamlaka moja ya nchi mbili?

Wakili wa Mkolani:

TAZARA ni mamlaka moja, kilomita 1,860, na kila nchi ina sheria yake inayoitambua. Treni ikianguka Nakonde, fundi wa TAZARA na winchi yake wanafanya kazi ya mwajiri wao, awe ametokea Mbeya au Mpika. Lakini huyo ni fundi wa reli. Polisi, zimamoto na daktari wanaokuja kumsaidia bado ni wa nchi mojamoja. Kuwa na kampuni moja kunapunguza tatizo, hakulimalizi.

Igogo Kwetu:

Nilete la kwangu la kila siku. Mabehewa ya kwenda Uganda yanafungwa sili ya forodha. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004, kuivunja bila idhini ni kosa. Nimewahi kusimama na watu bandarini behewa linanuka dawa kali, kila mmoja anaangalia sili hakuna anayetaka kuigusa, tunasubiri mtu wa forodha atoke mjini. Halikuwa kubwa, lilikuwa dumu moja limepasuka. Ila ile dakika ya kutazamana niliiona.

Mstaafu 114:

Ukiwa na moto, vunja. Sijasikia ofisa wa zimamoto aliyefungwa kwa sili. Ila fanya hivi: soma namba ya sili kwa sauti mbele ya mashahidi, piga picha kabla ya kukata, itunze iliyokatwa, andika saa na jina la aliyetoa amri. Dakika moja haifiki. Hiyo ndiyo itakutetea miezi sita baadaye. Na hati ya mzigo iwe kwa nahodha na kwa mtu wa gati, si kwenye droo ya wakala mjini, maana kabla ya kuvunja lazima nijue ndani kuna nini. Zipo kemikali ukizimwagia maji unaziamsha.

Dada Kamanga:

Na upande wa afya? Mimi ni nesi. Wakija madaktari wa Uganda wakakuta majeruhi 50 hapa gatini, wanaruhusiwa kugusa mgonjwa?

Wakili wa Mkolani:

Huduma ya kwanza, ndiyo, kama mtu yeyote. Upasuaji na dawa nzito ni leseni, na daktari wa nje anatakiwa atambuliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Redio zao za mawasiliano nazo zinahitaji masafa ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Upo Mkataba wa Tampere wa 1998 unaotaka nchi zirahisishe vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa, na umeanza kutumika 2005, ila unazibana zile zilizojiunga tu.

Mstaafu 114:

Mimi ningependa waandike karatasi mbili tu. Ya kwanza itaje kamanda: gatini Mwanza ni wa Mwanza, gatini Port Bell ni wa Port Bell, ndani ya meli ni nahodha, na mgeni yeyote anapokea amri kwa huyo akiwa bado na kiongozi wake mwenyewe. Ya pili iseme mgeni akiwa chini ya amri hiyo ana madaraka yaleyale na kinga ileile aliyonayo ofisa mwenyeji, mpaka aambiwe rudi. Reli ya kisasa ya Isaka inakuja Mwanza, ya Uvinza inaelekea Burundi, mzigo utaongezeka. Zoezi la kwanza lifanyike mchana wa siku ya kazi, meli ikiwa na mabehewa kweli, siyo Jumamosi na mahema ya wageni rasmi.

Sangara Mkavu:

Nimeelewa, nimenyoosha mikono. Swali langu la mwisho la kivuvi. Boti ya uokoaji ya Uganda inakuja mbio kusaidia upande wetu, inapita juu ya nyavu zangu inazichana zote. Namdai nani?

Wakili wa Mkolani:

Mikataba mingi ya Ulaya ya kusaidiana inaweka hasara ya namna hiyo kwa nchi iliyoomba msaada, kwa sababu mgeni alikuwa anafanya kazi yake. Kwa hiyo kukiwa na mkataba wa hivyo ungeidai serikali yako, hapahapa Mwanza, kwa Kiswahili. Bila mkataba unaidai serikali ya nje, yenye kinga yake dhidi ya mahakama zetu, kwa nyavu. Piga picha ya boti na namba zake, uandikishe kwa BMU yako, kikundi cha usimamizi wa mwalo, siku hiyohiyo, halafu njoo ofisini tuzungumze.

Sangara Mkavu:

Ofisini bei gani?